Sanduku Langu na Jua la Mabawa

Watu wa Maramba wanalisifu sanduku langu mpaka leo, na kila wanapolisifu mimi hupandwa na hasira. Kaka yangu anasema nina kiburi. Bibi yangu anasema nina jini. Nimeona heri niyaandike mambo kama yalivyokuwa, ili msomaji aamue mwenyewe: mtu akishona kanzu mwezi mzima, sindano kwa sindano, halafu watu wakakusanyika kusifu pale tu ilipoungua pasi, mshonaji ana haki ya kukasirika au hana?

Hasira yenyewe haikuanzia Maramba. Ilianzia kwenye nguzo. Umeme wa Tanga unatoka kwenye maporomoko ya Mto Pangani. Nyaya zake huja zimetundikwa juu, zikapita karibu na nyumba zetu za Mabawa, zikaenda zake bandarini, kwenye mitambo ya mkonge, na kwenye nyumba za wakubwa kule Ras Kazone. Kwetu hazisimami. Zinapita kama mtu anayepita mbele ya baraza iliyojaa watu asitoe hata salamu. Mimi ni karani wa bohari ya mkonge, kazi yangu kupiga alama juu ya marobota, na kila nikirudi nyumbani nilizitazama nyaya zile nikazitukana kimoyomoyo. Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye ninayekaa kwake, aliwasha kandili yake na kuona dunia imekaa sawa.

Klabu yetu ya dansi ilikuwa na matarumbeta mawili, saksafoni, ngoma na gita moja. Gita lilikuwa mali ya klabu, na mpigaji wake alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Mimi si mpigaji; vidole vyangu hutetemeka mbele za watu. Lakini aliyelifanya gita lile kuwa la umeme ni mimi. Nilifunga chini ya nyuzi zake sumaku na koili niliyoitoa katika kisikilizio cha simu kuukuu ya jeshi. Tulipopiga katika ukumbi wa mjini, waya wa gita tuliuchomeka nyuma ya redio kubwa ya ukumbi, na gita likasikika mpaka barabarani. Tulipokwenda nje ya mji, ambako nguzo hazikufika, gita lilikufa. Matarumbeta yalilifunika, na watu wakamwona kaka yangu anatembeza vidole tu, kama mtu anayejikuna tumbo.

Siku moja kwenye mazoezi Mwenyekiti alileta habari. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, fundi cherehani, ndiye mpiga tarumbeta la kwanza, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake.

"Tumealikwa arusi Maramba," alisema. "Arusi ya watu wenye mashamba, watu wakarimu. Lakini umeme hakuna. Kwa hiyo gita linabaki."

"Na mimi?" kaka yangu akauliza.

"Wewe njoo utubebee ngoma."

Watu wakacheka. Kaka yangu naye alicheka, lakini niliyaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Na tukirudi," Mwenyekiti akaendelea, "nalitafutia mnunuzi. Tununue kodiani. Kodiani haiombi umeme kwa mtu. Gita la umeme kule mashambani ni kasuku aliyefungwa mdomo kwa uzi. Manyoya unayaona, neno husikii."

Kaka yangu hakuwa na chombo kingine anachokijua. Gita likiuzwa, basi naye ametoka katika klabu. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana katika mikutano ile mimi hukaa karibu na mlango, lakini nilisikia sauti yangu inasema, "Nitatengeneza sanduku la kupaza sauti. La betri. La kubebeka."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni.

"Wewe?" Mwenyekiti akaniuliza. "Mambo hayo umesomea wapi?"

"Nimejifunza mwenyewe, Mwenyekiti."

"Kasomea migongo ya redio huyo!" akasema mpiga saksafoni, na kicheko kikaanza upya. Walijua tabia yangu. Madukani watu husimama mbele ya redio wasikilize. Mimi husimama nyuma yake, nikachungulia kwenye vitundu vya mgongo wake, mpaka mwenye duka anifukuze.

Mwenyekiti alingoja kicheko kiishe, kisha akaninyooshea kidole. "Haya, Fundi Migongo. Likilia Maramba, gita linabaki klabuni. Likinyamaza, au likituaibisha mbele za watu, gita linakwenda sokoni, na nyinyi wawili nisiwaone hapa."

Niliondoka pale nikihesabu kila kinachoweza kuharibika. Naliandika hili kwa sababu watu hudhani mwenye kufanya kitu kwa makini anafanya kwa raha. Mimi nafanya kwa hofu. Nikifunga parafujo, natoka nje, kisha narudi kuitazama kama imefunga. Nikifika njiani naikumbuka tena. Sijui wengine wanaishi vipi na vitu ambavyo viko karibu sawa.

Jirani yetu mmoja alikuwa na redio mbovu, ya aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo umeme, yenye kutumia betri. Spika yake ilikuwa imepasuka na sanduku lake limeliwa na mchwa, lakini ndani yake mlikuwa na zile taa ndogo za kioo ambazo mafundi huziita valvu, na mbili kati yake zilikuwa nzima. Redio ile niliifungua na kuifunga mara nyingi mno, nikifuata kila waya kwa kidole, unatoka wapi, unakwenda wapi, mpaka nikaanza kuiota. Sehemu ya kukamata sauti za mbali nikaitupa. Sehemu ya kuikuza sauti nikaibakiza. Pale palipoingia sauti ya London na Dar es Salaam, nikaingiza gita la kaka yangu.

Nyumba haina umeme, kwa hiyo chuma changu cha kulehemia nilikitia ndani ya seredani, katikati ya makaa, karibu na sufuria ya bibi. Kikipoa lazima ukirudishe, kikipata moto mno kinaiunguza risasi ya kuungia nyaya. Niliunga, nikaungua, nikaunga tena. Mchanganyiko wa harufu ya wali wa nazi na moshi wa risasi ulijaa uani.

"Mume wangu," bibi alikuwa akiniambia, maana bibi zetu huwatania wajukuu wa kiume hivyo, "mke gani atakubali kuolewa na mtu anayepika misumari?"

Sanduku nililiunda kwa mbao nyembamba za masanduku ya majani ya chai. Nililisugua kwa majani ya msasa mpaka likawa laini kama shavu. Spika ya kununua nilipata, lakini tundu lake la mbele lilinitesa. Nilipolikata la kwanza halikuwa duara kamili. Upande mmoja lilizidi kwa unene wa ukucha. Nikatupa ubao ule, nikakata mwingine.

"Yakhe, si utalifunika kwa kitambaa?" kaka yangu alilalamika. "Nani ataliona?"

"Mimi nitajua liko."

"Basi usijue!"

Ni maneno kama haya yanayonikasirisha. Usijue! Kama kwamba kutojua ni dawa.

Zilitakiwa betri mbili. Moja nene ya kuzipasha moto valvu, na nyingine kubwa kama tofali, ndiyo yenye nguvu yenyewe. Ndani yake mna vijibetri vingi vidogo vimepangwa kama maandazi, vikazibwa kwa lami. Mjini palikuwa na duka moja tu lililouza betri hizo, na ile kubwa niliyoichukua ilikuwa ya mwisho. Mwenye duka aliniambia nyingine mpaka mzigo uje kutoka Mombasa.

Siku tuliyolijaribu, kaka yangu alikaa kwenye kigoda uani, nikachomeka waya, tukangoja valvu zipate moto. Kisha akagusa uzi mmoja. Sitaisahau sauti ile. Ilikuwa safi. Kila uzi ulisikika peke yake, mmoja hauingii nyumba ya mwenzake, kama matone ya maji yanapoangukia ndani ya mtungi. Nilitaka sauti ile ile ya ukumbini, sauti wanayoisikia wenye nguzo, iweze kubebwa begani mpaka Maramba, mpaka popote. Na nilikuwa nayo pale, juu ya mkeka wa bibi. Nililia kidogo. Kaka yangu akajifanya anakaza nyuzi.

Bibi alitoka jikoni na mwiko wake akasikiliza.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, bibi."

"Mbona ya kichovu?"

Nilizima haraka, nikazitoa betri, nikaziweka chini ya kitanda changu. "Bibi," nikamwambia, "tafadhali hizi mtu asiziguse. Huchoka upesi. Tunazitunza kwa ajili ya Maramba."

Hapo ndipo pa kuanguka kwangu, ingawa kwa haki ya Mungu sioni nilikosea nini.

Msomaji wa pwani yetu anajua kinachofanywa na betri ya tochi iliyochoka. Huanikwa. Mtaa mzima unaamini kuwa jua huirudishia betri nguvu kama linavyoukausha mpunga, na bibi yangu ndiye mwanikaji wa mtaa. Ungo wake ulikaa juu ya bati la jiko, upande mmoja dagaa, upande mmoja betri za tochi za majirani, na jioni kila mtu alikuja kuchukua zake. Nilikwisha kubishana naye juu ya jambo hili. Nilimweleza kuwa betri ni dawa iliyo ndani ya kopo, dawa ikiisha imekwisha. Alinijibu kwa upole kuwa hata yeye hulala mchana akaamka na nguvu.

Arusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa nilikuwa kazini, nikaswali msikitini karibu na bohari, nikarudi nyumbani alasiri. Bibi alinipokea mlangoni anatabasamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kazi yako nimekwisha kuifanya. Kesho mtapiga mpaka watu wavue viatu."

"Kazi gani?"

"Zile zako zilizochoka. Nimepanda kigoda na mgongo wangu huu, nikazianika zote mbili. Zimepata jua tangu asubuhi, na nimezigeuza."

Nilipanda juu ya bati. Ile betri nene ilikuwa salama. Betri yangu kubwa, ile ya mwisho mjini, ilikuwa imekaa katikati ya ungo kama bibi arusi, na lami yake imeyeyuka. Imetiririka nyeusi kwenye dagaa. Karatasi ya nje imevimba. Niliigusa ikaniunguza kidole.

Mtu hawezi kumfokea bibi yake. Mgongo ule ulinibeba. Nilishuka nayo kimya, nikaiweka kivulini, kisha nikawageukia kuku waliokuwa uani na kuwafokea mpaka wakaruka ua. Niliwaambia maneno yote. Niliwauliza kama wana akili. Bibi alinitazama kwa huruma, akasema jua la bohari limenipiga kichwani.

Nilikimbilia dukani, mwenye duka akatikisa kichwa, mzigo wa Mombasa haujaja. Nilikwenda kumleta kaka yangu na gita, tukafunga betri ile kama ilivyo, tukachomeka gita. Akagusa uzi.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mnyama. Ilikwaruza, ikakoroma, ikajikokota puani, na kila alipopiga kwa nguvu ndivyo ilivyopasuka zaidi. Nyuzi zote ziliingiliana. Nikaziba masikio.

"Lina mafua," kaka yangu akasema.

"Tukamwambie Mwenyekiti."

"Ukimwambia leo, gita linauzwa leo. Tukienda nalo, linauzwa keshokutwa. Bora keshokutwa."

Asubuhi tulipanda lori. Wenzetu walikaa juu ya magunia wakiimba. Mimi nilikaa nimelikumbatia sanduku, nimelizungushia shuka ili vumbi lisiingie, ingawa vumbi sasa lingelifanya nini.

"Fundi Migongo," Mwenyekiti akaniita kutoka mbele, "mbona umemshika hivyo mke mpya? Atakukimbia?"

"Kashikwa na kichefuchefu cha mimba," akadakia mpiga saksafoni.

Sikucheka. Nilikuwa nikimwomba Mungu lori liharibike. Halikuharibika. Lori bovu kabisa, lenye kuvuja maji njia nzima, na siku hiyo likafika bila hata pancha.

Kule Maramba tulipokewa vizuri, tukala pilau, na baada ya alasiri watu wakajaa uwanjani mbele ya nyumba ya bwana arusi. Walinipa kinu, nikakipindua, nikaweka sanduku juu yake. Pembeni, kwenye mkeka wa heshima, alikaa mzee mmoja ambaye miaka yote ndiye aliyepuliza zumari katika arusi za pale. Msomaji anaijua sauti ya zumari, ile kali ya puani inayowainua hata waliofiwa. Lakini mzee alikuwa ameng'oka meno ya mbele na hapulizi tena, na mama wa bwana arusi alikuwa amekwisha kulalamika mbele yetu sote kuwa arusi bila zumari ni chai bila sukari, na kwamba matarumbeta ya mjini yatamwumiza kichwa tu.

Tulianza. Matarumbeta yakalia, ngoma zikajibu, watu wakakaa wakitutazama kwa adabu, kama watu wanaosikiliza hotuba. Kisha Mwenyekiti akashusha tarumbeta lake, akamwashiria kaka yangu kwa kidevu. Macho yake yaliniangalia mimi.

Nikawasha. Kaka yangu akapiga.

Lilikuwa baya kuliko Ijumaa. Betri ilikuwa imezidi kufa njiani. Gita lilitoa mlio mmoja mrefu, mkali, uliopasuka kingo zote, ukapaa juu ya uwanja ule mimi nikiwa nimefumba macho. Nikasema moyoni, basi, na lizimwe kabla hawajatufukuza, nikapiga magoti nyuma ya sanduku nikatafuta waya.

"Wewe mtoto!" Ilikuwa sauti ya mama wa bwana arusi. "Toka hapo! Toka! Acha zumari lilie!"

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama. Wanawake waliokuwa nyuma yake walikuwa wamesimama, wanapiga vigelegele. Mstari mmoja ukajipanga, halafu wa pili ukauelekea, mabega yakaanza kutikisika, na vumbi likapanda. Si dansi ya mjini, ile ya wawili wawili. Walikuwa wanacheza ngoma yao, wanavyoicheza zumari linapolia. Kaka yangu, mpumbavu yule, alinitazama kwa mshangao kidogo, halafu akacheka, akaanza kuzivuta nyuzi apate ile sauti ya puani hasa. Mpiga ngoma akamfuata. Mwenyekiti akabaki na tarumbeta mkononi, hana pa kuingilia.

Mzee wa zumari aliinuka polepole kutoka mkekani, akaja mpaka nyuma ya sanduku, akainama akachungulia.

"Nani anapuliza humu?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, babu. Ni betri."

Alisikiliza tena, kichwa upande. "Pumzi anayo," akasema. "Lakini ni mlafi. Hapumziki." Akarudi mkekani kwake, ameridhika.

Walicheza mpaka adhana ya magharibi. Watu walikuja kulishika sanduku langu. Walilipapasa juu, pale nilipolisugua kwa msasa, lakini mikono yao ilikuwa inatafuta ile sauti. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa tundu lake ni duara. Na Mwenyekiti, yule yule wa kasuku na kodiani, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia baba wa bwana arusi, "Sauti ile tumeitafuta muda mrefu. Kijana wetu tulimwambia: sisi hatutaki gita, tunataka zumari la nyaya."

Tulimwambia! Nilimwendea pale pale. Safari hii sikuwa na hofu.

"Mwenyekiti, lile ni gonjwa. Betri imeungua. Sanduku langu halilii vile."

"Nyamaza," akanong'ona huku bado anamtabasamia mwenyeji wake. "Gita linabaki. Si ndiyo ulitaka?"

Ndiyo niliyotaka, na hilo liliniudhi zaidi.

Tukiwa ndani ya lori tunarudi, kaka yangu alinipiga bega. "Tumeshinda, bwana. Mbona umenuna?"

"Nilitaka wasikie sauti safi. Ile wanayoisikia watu wa Ras Kazone. Kwa nini watu wa Maramba wapewe mbovu?"

"Wamepewa? Waliishika kwa nguvu! Ungejaribu kuwanyang'anya ungepigwa mchi."

Mzigo wa Mombasa ulipokuja nilinunua betri mpya, nikaifungia chumbani kwangu, ufunguo nikautia mfukoni. Arusi iliyofuata ilikuwa Muheza. Sanduku likalia kama siku ile uani, uzi kwa uzi, tone kwa tone. Nilisimama kando yake nimenyoosha shingo. Nilisema, sasa watajua.

Watu walikaa. Wengine waliendelea kumenya machungwa. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Mbona leo linanong'ona? Si tuliambiwa mnalo zumari?" Na mwenzake akajibu, "Labda limefunga saumu."

Mwenyekiti alinifuata wakati wa mapumziko. "Rudisha kitu cha Maramba."

"Mwenyekiti, kile ni kasoro."

"Basi rudisha kasoro. Au kodiani ingali dukani."

Nitasema lililo kweli: nilijaribu kuitengeneza kasoro ile kwa njia ya heshima. Nilidhani kama nimeweza kutengeneza sauti nzuri, mbaya itanishinda nini? Nililegeza spika. Nilibandika karatasi juu yake. Nilibadilisha mahali pa nyaya, nikaunguza valvu moja, nikakaa nikiitazama kama mtu aliyefiwa. Kaka yangu alisikiliza kila jaribio, akatikisa kichwa. "Hii ni bati. Hii ni nyuki ndani ya chupa. Ile ilikuwa na pua, bwana." Mimi, niliyekata ubao wa pili kwa sababu ya unene wa ukucha, nilikuwa nimekaa uani nashindwa kutengeneza ubovu.

Mwishowe niliichukua betri kubwa mwenyewe, nikampelekea bibi. Sikumweleza kitu. Hakuniuliza kitu. Alisogeza dagaa.

Hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka sasa. Kila tukialikwa nje ya mji, betri hupanda juu ya bati, na kaka yangu hupiga, na watu huinuka, na Mwenyekiti husimulia namna alivyoibuni sauti ile. Kaka yangu ana nafasi yake klabuni. Kodiani haikununuliwa. Mimi hukaa nyuma ya sanduku langu, na kila uzi unapopasuka nasikia kama napigwa kofi na mtu anayetabasamu.

Lakini nimeunda la pili. Nalo ni dogo zaidi, limeungwa vizuri zaidi, na betri zake hazijawahi kuliona jua. Klabu hailijui. Jumapili kaka yangu huja na gita kabla ya chakula, tunafunga mlango wa chumba changu, naye ananipigia mimi peke yangu. Ni sauti ile ile ya siku ya kwanza. Hukaa nikaisikiliza nimeshika magoti, na kwa muda kidogo simchukii mtu.

Jumapili iliyopita bibi alifungua mlango. Alisimama na ungo wake kiunoni, akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kwa adabu, kama wale watu wa Muheza.

"Nzuri?" nikamwuliza. Kwa nini nilimwuliza, sijui.

Akanitazama kwa huruma ile ile ya siku ya kuku.

"Imechoka sana, mume wangu," akasema, akanyoosha mkono. "Lete nikuanikie, jua lingali kali."